Mkoba Niliouweka kwenye Benchi

Jamani, aibu ziko za aina nyingi, na mimi kwa umri huu nimeshazionja karibu zote (niliwahi kuanguka na beseni la dagaa mbele ya kwaya nzima, nikainuka nikacheka nao), lakini hii ninayowasimulia leo sijawahi kuicheka, na ninyi mkicheka sitawakataza, ila mtacheka peke yenu. Ilinipata pale mjini Mwanza, kwa daktari wa pua, na mpaka leo nikipita ile barabara nageuza uso upande wa pili kana kwamba lile jengo linanijua.

Mimi nauza samaki Kisesa, wa kukaanga na dagaa wa kukaushwa, na kazi hiyo, kwa asiyejua, haifanywi kwa macho, inafanywa kwa pua. Sato anaweza kukutazama kwa jicho linalong'aa ukaapa amevuliwa alfajiri, ukimsogeza puani ndipo anasema ukweli wake. Sasa pua yangu ya kushoto ikaanza kuziba, nikasema ni mafua, mafua yakakaa msimu mzima wa pamba, halafu asubuhi nikiinama kufagia naona tone la damu kwenye vumbi, halafu harufu zikaanza kuondoka moja moja mpaka siku ile mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, aliporudisha samaki wake kwa upole, akaniambia tu, "Mama Kabula, leo hawa wamelala." Sikuwa nimenusa kitu. Nilisimama pale na wale samaki mkononi, moyo ukaingia baridi, maana marehemu mume wangu naye alianza na kijiuvimbe tu cha shingoni, tukakiita jipu, tukakikanda kwa maji ya moto, na tulipofika hospitali daktari alituuliza tulikuwa wapi siku zote.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nikaenda kupimwa. Hospitalini wakachungulia kwa kitochi, wakasema kuna kitu kimekaa ndani sana na kitochi hakifiki, niende mjini kwa daktari bingwa akaniangalie kwa kamera. Na nisiende peke yangu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito, kwa sababu wa kwenda nami alikuwa nani? Mwanangu wa kiume yuko Geita kwenye machimbo, simu yake inapatikana tu siku akipanda mlima. Binti yangu Kabula anaishi Igogo na mumewe, ila alikuwa na kichanga, hajatoka nje. Akabaki mkwe wangu, Baba Limi (Limi ni mjukuu wangu wa kwanza, jina la baba yake sitalitaja hapa, na mtaelewa kwa nini). Ni fundi wa injini za mitumbwi, kijana mpole, mikono yake haitakati hata akiioshea sabuni ya unga.

Kwa wale ambao si Wasukuma niwaeleze kidogo. Kwetu, mama na mume wa binti yake wana mipaka. Hatupeani mikono. Hatuli pamoja. Tukikutana njiani mmoja anatoka pembeni kumpisha mwenzake, na kama kukaa, basi mbalimbali, uso umeelekea kwingine. Jina lake silitamki. Na nikitaka kumpa kitu simpi mkononi, nakiweka chini, nasogea, naye anakuja kukichukua nikishaondoka. Siku hizi najua vijana wa mjini wanawakumbatia wakwe zao kwenye sherehe na kupiga picha (mimi nikiona hivyo natafuta kitu cha kuangalia sakafuni), lakini nyumbani kwetu bado tunashika. Na wala si chuki, msije mkafikiri. Ni namna ya kumwambia mtu kwamba kilicho kati yenu ni kikubwa, hakichezewi. Huyu kijana tangu amuoe Kabula hajawahi kuvuka mpaka hata kwa kidole, na mimi nilikuwa najivunia hilo kwa majirani kuliko ng'ombe aliowatoa.

Kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa kituko. Yeye ana pikipiki, ila mama mkwe hawezi kupanda pikipiki nyuma ya mkwe wake, hata mkisema ni dharura, kwa hiyo akaja mpaka Kisesa, akanitafutia mwendesha pikipiki mwingine, mtu mzima, akamwambia aende taratibu, halafu yeye akafuata nyuma peke yake na mkoba wangu ameuweka mbele kwenye tangi la mafuta, kama anayesindikiza kiongozi. Mkoba ulikuwa na kadi zangu za hospitali, simu, na kanga ya kujifutia. Tulipofika akauweka juu ya ngazi, akarudi nyuma, nikauchukua. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la harusi yake. Niliona, nikafurahi moyoni.

Kliniki ilikuwa ghorofani, watu wamejaa kwenye mabenchi, wengi ni wa masikio na wa koo. Mimi nikakaa mwanzo wa benchi karibu na dirisha la mapokezi, yeye akaenda kukaa mwisho kabisa, ameelekea mlangoni. Sista wa mapokezi akaniita. Alikuwa dada mkarimu tu, simlaumu kwa lolote, akanieleza kila kitu kwa utaratibu ili nisiogope. Hakuna kisu, akasema, hakuna kulazwa, nitakaa kwenye kiti nikiwa macho. Nitapuliziwa dawa puani, ya kufungua njia na ya ganzi, itashuka kooni ikiwa chungu, nitahisi koo limevimba kumbe halijavimba. Halafu daktari ataingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha, na mambo yote ya ndani yataonekana kwenye runinga pale ukutani. Nitatokwa machozi, huenda nikapiga chafya, kamasi zitashuka, yote hayo ni kawaida. Kisha nisile wala kunywa mpaka ganzi iishe, nisije nikapaliwa.

"Na ndugu uliyekuja naye ataingia pamoja na wewe," akasema. "Atakushika mkono, na atatazama runinga, ili daktari akieleza muwe wawili mnaosikia."

Wenzangu, niliona yote kwa mpigo. Niliona mkwe wangu amenishika mkono. Niliona kamasi zangu zimewashwa kwenye runinga, kubwa kama sinia, naye amesimama mbele yake na shati lake la harusi. Bora nife na pua yangu, ndivyo nilivyowaza, na nawaambia bila kuficha kwamba nilimaanisha.

"Nimekuja peke yangu," nikasema.

Sista akanyoosha shingo akatazama nyuma yangu. "Na yule kaka uliyepanda naye ngazi?"

"Yule simjui."

Maneno mawili tu. Na mtu mwenye pua iliyoziba hajui sauti yake inavyotoka, yeye anadhani ananong'ona, kumbe anatangaza. Benchi zima lilisikia. Mimi sikugeuka kutazama kama na yeye amesikia.

Nikaitwa ndani hapohapo. Na sasa sikilizeni nilichofanya, maana sikukifikiria hata kidogo, mkono ulifanya wenyewe kama ulivyozoea miaka yote. Niliuweka mkoba wangu kwenye benchi, mwisho wa mahali nilipokaa, nikasogea, nikaingia mlangoni bila kutazama nyuma. Kwa nini nitazame? Najua ataufuata. Ndivyo tunavyopeana vitu.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Akanikalisha kiti kirefu chenye mahali pa kuegemeza kichwa, akanipulizia ile dawa, ikashuka kooni chungu kama shubiri, na baada ya muda mdomo wa juu ukawa si wangu, meno ya mbele yakapotea, nikimeza sijui kama nimemeza. Akaniambia nivute hewa kwa mdomo taratibu, nisitikise kichwa, nisiongee, na nikizidiwa niinue mkono tu, atatoa. Sista akasimama pembeni na tishu. Ule mpira ukaingia. Hauumi, niseme ukweli ili mwenye kwenda asikimbie, unasukuma tu, kama mtu anapita kwenye nyumba yako bila kubisha hodi. Machozi yakaanza kutoka yenyewe. Kwenye runinga nikaona pango jekundu linalometameta, nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu ndiye mimi.

Huko nje nikasikia benchi limeburutwa. Halafu sauti ya mwanaume, halafu sauti nyingi. Sista akatoka kutazama, daktari akaendelea, akaniambia hapa ni padogo, nitulie. Nje kitu kikagonga ukuta. Sista akarudi anahema, ameshika mkoba wangu, ananionyesha kwa furaha ya mtu aliyekuletea habari njema.

"Mama, usiwe na wasiwasi, mkoba wako umepatikana. Yule kijana usiyemjua ndiye aliyeuchukua. Alisubiri uingie, akasogea polepole, akautwaa. Wamemshika."

Nawaombeni mjiweke pale nilipokuwa. Mpira uko puani, koo halipo, nimeambiwa nisiongee, na huko nje mume wa mwanangu anapigwa kwa wizi wa mkoba niliomwekea mimi mwenyewe. Na sisi tunajua neno mwizi linavyokwenda. Linaanzia ndani ya chumba, likishafika barabarani halina mwenyewe tena. Machozi yakaanza kumiminika hasa, na sista akayafuta kwa upole, akasema ni kawaida, kila mtu hutokwa machozi kwenye kipimo hiki.

Nikainua mkono. Daktari akasema tunakaribia kumaliza. Nikainua mikono yote miwili. Akautoa mpira, na kabla hajauliza kitu nilikuwa nimeshatoka kitini, nimemkumba sista, nimefungua mlango.

Walikuwa wamemkalisha sakafuni, mgongo ukutani. Mlinzi amemkaba kola, kola imechanika upande mmoja inaning'inia, na mzee mmoja mwenye bandeji sikioni alikuwa amesimama mbele yake anawaonyesha wenzake vidole vya Baba Limi vyenye oili, kwamba tazameni mikono ya mtu asiye na kazi. Shavu lake lilikuwa limevimba. Na yeye alikuwa ametulia tuli, ametazama chini.

Nikasema ni mkwe wangu. Yalitoka kama maneno ya mlevi, mazito, mdomo haushiki, na udenda ukanishuka mpaka kidevuni, na puani kamasi zenye michirizi ya damu, mbele ya watu wote wale. Wakanitazama kwa huruma, mama maskini amechanganyikiwa kwa kuibiwa, mmoja akasema nirudishwe ndani. Nikasema tena, "Baba Limi," na hakuna aliyejua Baba Limi ni nani. Mlinzi akaanza kumwinua ampeleke chini barabarani.

Basi nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya na sitalirudia. Nikamwita kwa jina lake. Jina lenyewe, alilopewa na babu yake. Akainua uso akanitazama, na nikapita katikati yao nikamshika mkono, ule mkono wa oili, nikaukumbatia kifuani kwangu kama mtoto aliyeokotwa. Palikuwa na bibi mmoja mwenye kitenge cha buluu kwenye benchi la mbele, naona alikuwa mtu wa kwetu, kwa sababu aliposikia nasema tena "ni mkwe wangu" aliinamisha kichwa na kujifunika uso. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa ukubwa wa alichokiona. Wengine walielewa tu kwamba wamempiga mtu asiye mwizi.

Mlinzi akamwachia. Mzee wa bandeji akaomba msamaha kwa sauti kubwa, kama watu wasiosikia vizuri wanavyoomba. Sista yeye akaleta tishu, na zile tishu nilizipokea kwa mkono mmoja maana mwingine nilikuwa bado nimemshika mkwe.

Daktari akasema kipimo hakijaisha na lazima kiishe. Safari hii sista hakuniuliza nimekuja na nani, alimfungulia mlango tu, akaingia. Nikakaa tena kwenye kiti, nikapuliziwa tena, na Baba Limi akasimama pembeni, ameelekeza uso ukuta wa pili kama adabu inavyotaka. Daktari akamwambia atazame runinga, kwa sababu mama anaweza kusahau nusu ya atakayoambiwa. Hakugeuka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nitazame?"

Nikatikisa mkono kumruhusu. Akageuka. Akatazama ndani ya pua ya mama mkwe wake mpaka mwisho, bila kukunja uso, na daktari akamwonyesha kinyama kilaini cha rangi ya zabibu kimeziba njia, akasema kwa kukitazama hakifanani na kitu kibaya, ila hasemi kwa macho tu, atakata kipande kidogo kipimwe maabara. Yeye akauliza maswali mazuri, ambayo mimi nisingeyauliza. Kama ni cha kurithi. Kama harufu itarudi, kwa sababu mama anauza samaki.

Tuliposhuka ngazi alitangulia, nami nikabaki nyuma hatua kadhaa kama kawaida. Sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza mgongo wake kwa nini hakuwaambia, kwa nini alikubali kupigwa wakati neno moja tu lingetosha.

Akasimama, hakugeuka. "Mama, ulishasema hunijui," akasema. "Ningesema nakujua, ningekuwa nimekuita mwongo mbele za watu. Niliwaambia tu wasubiri utoke, mwenye mkoba atasema mwenyewe."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi. Huyu mtoto wa watu alikuwa tayari aitwe mwizi ili mimi nisiitwe mwongo. Nami nilimkana ili asione kamasi, halafu akaziona zote, na damu, na udenda, na machozi, na mtaa mzima ukaziona pamoja naye. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa. Nikamwambia, "Nisamehe, baba." Akasema hakuna neno, tuwahi kabla ya mvua.

Kisesa tulifika jioni. Aliushusha mkoba kwenye pikipiki, akaja nao mpaka karibu na mlango wangu. Mimi nilikuwa nimesimama, na njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba mpaka umeshavunjika, mimi ndiye niliyeuvunja, na aliyeshikwa mkono leo hawezi kuwekewa vitu chini kesho. Nikanyoosha mkono niupokee. Akauona mkono wangu. Akainama na ule mkoba, akauweka taratibu juu ya jiwe la mlangoni, akarudi nyuma hatua zake, akageuza uso upande wa barabara, akasubiri.

Mkono wangu ukabaki hewani kidogo. Halafu nikaurudisha, nikaenda nikachukua mkoba wangu mwenyewe pale juu ya jiwe, nikaingia ndani nikalia vizuri, bila ganzi. Alikuwa amenirudishia umama mkwe wangu.

Lile shati Kabula alinitumia nikalishona kola kwa mkono wangu, mshono mdogo mdogo, ila ukitazama unaonekana, na yeye analivaa hivyo hivyo kanisani. Majibu ya maabara yalikuja, hakikuwa kile nilichokiogopa. Ila kilitakiwa kutolewa, kwa hiyo ikabidi nirudi kliniki ile ile, mlango ule ule, benchi lile lile, na mkwe wangu yule yule ameketi mwisho, uso mlangoni, na sista yule yule dirishani. Alinikumbuka. Niliona anavyotafuta namna ya kuuliza.

Sikumsubiri. Nikasimama katikati ya chumba, na kwa sauti yangu ile ya pua iliyoziba nikawaambia wote, mlinzi akiwemo, "Nimekuja na mkwe wangu, ni yule pale mwenye shati jeupe. Sasa hivi nauweka mkoba huu kwenye benchi, naye atakuja kuuchukua nikishaondoka. Msimguse."

Nikauweka, nikaingia ndani.